Nilificha onyo la kiharusi, sasa familia yangu imenikataza kupanda Rwenzori

Dada Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Tororo. Mimi ni mwanamume wa miaka 63, na kwa miaka 31 nilikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Nilianza nikiwa utingo, baadaye nikakabidhiwa usukani, na sehemu kubwa ya umri wangu imepita kati ya Mombasa, Malaba, Kampala na Mpondwe kwenye mpaka wa Kongo. Hata Kiswahili hiki ninachokuandikia nilikipata barabarani.

Katika safari hizo kuna jambo moja lililonikaa moyoni. Kila nilipofika Kasese nilitazama juu kuitafuta milima ya Rwenzori, na karibu kila mara niliona mawingu matupu. Siku moja tulipokuwa tukipakia chumvi ya Katwe, mzee mmoja Mkonzo aliniambia kwamba nyuma ya mawingu yale kuna nzururu, ndiyo theluji kwa lugha yao, na kwamba mtu mwenye miguu mizuri huweza kuifikia na kuishika kwa mikono, ilhali ikweta inapita humo humo wilayani. Tangu siku hiyo nilijiahidi kwamba nikistaafu nitapanda. Mwanangu wa pili, anayefanya kazi Kampala, alikubali kunisindikiza; tukaweka akiba kwa miaka miwili, na mwaka huu tukalipa malipo ya kwanza kwa safari ya siku nane mwezi wa Januari, hadi kilele cha Margherita chenye mita 5,109.

Mwezi wa Septemba nilipanda basi kwenda Fort Portal kumzika mwenzangu tuliyeendesha naye zamani. Basi liliposimama baada ya Mityana, wachuuzi walilizunguka wakiuza gonja, yaani ndizi, za kuchoma, nami nikanyoosha mkono wa kulia dirishani ili nilipe. Noti ilianguka. Nilidhani imeniponyoka, nikatoa nyingine, nayo ikaanguka. Vidole vilikuwa vyangu lakini havikunitii. Nilipotaka kumwomba radhi yule mama muuzaji, maneno yalitoka yamevurugika kama ya mtu aliyelewa, na nilimsikia abiria wa nyuma yangu akisema kwa Luganda kwamba mzee huyu ameamkia pombe. Sijawahi kuogopa namna ile, hata siku breki ziliponikatikia mteremkoni nikiwa na tani za saruji mgongoni. Hali hiyo ilidumu kama robo saa, kisha mkono ukarudi, ulimi ukarudi, nikafika Fort Portal nikiwa mzima.

Kesho yake alfajiri, kabla ya mazishi, nilitoka nje nikakuta mawingu yameondoka. Vilele vyote vilikuwa wazi, vyeupe, karibu kama mtu angeweza kuvihesabu kwa kidole. Nililia peke yangu uani mwa watu, na mpaka leo sijui kama nilililia uzuri ule au nililia kwa hofu ya jana yake.

Sikumwambia mtu kwa siku tisa. Siku ya tisa kikombe cha chai kiliniponyoka mbele ya binti yangu mkubwa, naye hakukubali maelezo yangu, akanipeleka hospitali. Presha ilikuwa 182 kwa 110. Daktari alisema nilipata kiharusi cha mpito, yaani dalili za kiharusi zinazokuja na kuondoka zenyewe, akanipa dawa tatu na kuniambia nizimeze kila siku ya maisha yangu.

Tangu hapo nyumba imebadilika. Mke wangu ameficha mkoba wangu wa safari. Binti yangu hupiga simu mara tatu kwa siku, na wajukuu wameagizwa wanifuate hata nikienda stendi kuzungumza na madereva wenzangu. Kijana wangu wa Kampala, aliyekuwa upande wangu, sasa anasema tuombe kurudishiwa fedha. Mimi ambaye nimelala Mariakani, Eldoret na Bwera, sasa siruhusiwi kufika Mbale peke yangu. Nao wale wanaopeleka watu mlimani wanasema barafu aliyoikuta Duke wa Abruzzi, mwanamfalme kutoka Italia, alipofika kileleni mwaka 1906 imeyeyuka kwa sehemu kubwa, na iliyobaki inazidi kupungua. Nikisubiri, nitakwenda kuona mawe.

Niseme pia jambo ambalo sijalisema nyumbani. Dawa moja inanipeleka msalani kila mara, kwa hiyo siku ninazokwenda stendi huwa naiacha. Wakati mwingine naziacha zote tatu, kwa sababu sisikii maumivu yoyote.

Je, niwatii na kukaa, au niende mlimani nikiwa bado na miguu?

Dereva mstaafu, Tororo

*

Mzee wangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Kabla ya kuchukua kalamu hii ya ushauri nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo sitakuzungusha: kwa maoni yangu, Januari usipande Margherita. Neno la mwisho ni la daktari wako, na ninakuomba umwulize swali hili waziwazi, kwa kumtajia jina la mlima na urefu wake, maana daktari akisikia neno safari tu anaweza kudhani unakwenda Jinja. Lakini mtu ambaye presha yake haijatulia na anaruka dawa zake hafai kupelekwa mahali pale, na hata mapenzi yangu kwa ndoto yako hayawezi kunifanya niandike vinginevyo.

Acha nikueleze sababu, kwa kuwa kukatazwa bila maelezo ndiko kunakomfanya mtu mzima ajione mfungwa. Kule juu, hewa unayoivuta ina oksijeni inayokaribia nusu ya ile uliyozoea kuivuta Mombasa. Mwili hujibu kwa kuupigisha moyo haraka na kupandisha presha, hasa katika siku za kwanza, na hayo huwapata hata vijana wazima. Baada ya kiharusi cha mpito madaktari wengi hutaka ipite angalau miezi mitatu kabla mgonjwa hajapanda milima mirefu, tena kwa sharti kwamba presha imedhibitiwa. Wewe kufikia Januari utakuwa umetimiza miezi, lakini sharti hujalitimiza. Halafu fikiria lile lililokupata baada ya Mityana likikupata ukiwa Elena, kambi ya mita 4,541 ambako watu hulala kabla ya kuelekea kileleni. Hakuna gari linalofika huko. Wapagazi wangekubeba kwa machela kupitia matope na miamba kwa siku kadhaa, ilhali dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Mwanao ndiye angekuwa anatembea kando ya machela hiyo. Nadhani amekwisha kuiona picha hii akilini, na ndiyo maana amebadilika.

Sasa niingie katika jambo ambalo hukuniuliza, ingawa umeniandikia wewe mwenyewe. Unasema familia imekuzuia kusafiri kwa sababu ya ugonjwa. Mimi naona wanachokiogopa zaidi ni kimya chako. Ulipata onyo kubwa barabarani, ukalala, ukazika, ukarudi Tororo, ukakaa mezani na mkeo siku tisa bila kumwambia neno. Huenda hujui, kwa hiyo nikuambie: baada ya kiharusi cha mpito, hatari ya kupata kiharusi kamili huwa kubwa kuliko wakati wowote katika siku chache za kwanza, hasa saa 48 za mwanzo. Siku ulizoficha ndizo zilizokuwa za hatari kuliko zote, na familia yako ilizipitia ikiwa gizani. Binti yako anapopiga simu mara tatu kwa siku hana nia ya kukudhalilisha. Amejifunza kwamba asipouliza hataambiwa, na amejifunza hilo kutoka kwako.

Nalielewa kimya hicho. Dereva wa masafa marefu huzoea kumeza mambo. Ukipata homa Salgaa, nyumbani unasema uko salama, kwa sababu mke aliye mbali atafanya nini na habari hiyo isipokuwa kukosa usingizi? Kwa miaka 31 hayo yalikuwa mapenzi, na sitaki uyaonee haya. Lakini sasa mke hayuko mbali. Yuko chumba hicho hicho, na habari unayomficha ndiyo ambayo angeweza kuifanyia kazi.

Kwa hiyo kabla ya kuudai mkoba wako, mwambie yale uliyoniambia mimi. Mwambie kuhusu noti mbili zilizoanguka, kuhusu abiria aliyedhani umelewa, kuhusu ulivyolia uani Fort Portal. Kisha mwambie kuhusu dawa unazoziruka. Hilo la mwisho litakuwa gumu, na huenda usiku huo hapatakuwa na amani nyumbani. Vumilia. Mtu hawezi kumrudishia mwenzake uhuru wa kutembea ikiwa hajui anachofanya akiwa nje ya macho yake, na wewe kwa sasa unatumia kila saa ya uhuru uliyonayo, pale stendi, kuacha dawa.

Na dawa hizo, mzee wangu, tuzizungumze kama watu wa kazi. Ulipokuwa ukiendesha trela ulikuwa na geji ya upepo wa breki mbele yako. Sindano ikishuka ulisimama, hata kama gari lilikuwa likitembea vizuri na mguu haukuhisi tofauti yoyote, kwa sababu ulijua kwamba siku utakayoihisi tofauti hiyo utakuwa tayari mteremkoni. Presha ya damu ni vivyo hivyo. Mtu hutembea na 182 kwa 110 bila kuumwa kichwa, akila na kucheka, huku mishipa ya ubongo na ya figo ikiumia taratibu. Kusema kwamba husikii maumivu ni kuendesha bila kutazama geji. Nunua kipimo cha presha cha mkononi, kile cha kuvalishwa kwenye mkono wa juu, kwa sehemu ya fedha utakazorudishiwa. Pima asubuhi na jioni ukiwa umekaa na kutulia dakika tano, uandike namba na tarehe kwenye daftari. Daktari wako atakuwekea lengo lake, lakini kwa kawaida tunataka namba zishuke chini ya 140 kwa 90, na kwa mtu aliyewahi kuonywa kama wewe mara nyingi hutafutwa namba za chini zaidi.

Ile dawa inayokupeleka msalani kuna uwezekano mkubwa kwamba ni ya kupunguza maji na chumvi mwilini, na ina dawa yake: kuzungumza. Mweleze daktari kwamba inakuvurugia siku. Anaweza kukubadilishia saa ya kuimeza, au kupunguza kipimo, au kukupa ya aina nyingine. Wapo wagonjwa wengi niliowaona wakiacha dawa kwa aibu ya jambo dogo kama hilo, na wengine hatukuwaona tena kliniki. Katika zile tatu huenda moja ni ya kuzuia damu isigande, na hiyo ndiyo inayosimama mlangoni kuzuia tukio la pili; usiiruke hata siku moja, na usiiongezee nyingine ya kununua dukani.

Niongeze mambo mawili ambayo hukuyaandika lakini najua barabara huyaacha mwilini mwa madereva. La kwanza ni mgongo. Kama una maumivu ya kiuno na umezoea kununua diklofenaki au ibuprofeni kila yanapokuja, mwambie daktari, kwa sababu dawa hizo hupandisha presha na kuzipunguzia nguvu dawa ulizopewa. La pili ni mairungi, yaani miraa. Ikiwa ulikuwa ukitafuna ili usisinzie usukanini, na ikiwa bado unatafuna pale stendi kwa ajili ya mazungumzo, acha kabisa, maana hukaza mishipa na kuukimbiza moyo. Sigara vilevile. Nayo chumvi uliyoibeba kwa tani kutoka Katwe, kipimo cha mtu mmoja kwa siku nzima kisizidi gramu 5, ambazo ni kijiko kimoja kidogo cha chai, ukihesabu ile iliyomo ndani ya mchuzi, mkate na nyama ya kuchoma.

Muulize daktari pia kama umepimwa mapigo ya moyo kwa mashine, sukari, mafuta kwenye damu, na mishipa ya shingoni. Mapigo yanayokwenda bila mpangilio huweza kutengeneza damu iliyoganda ndani ya moyo na kuirusha kwenye ubongo, na tiba yake ni tofauti.

Wafundishe watu wa nyumbani dalili, wakiwemo wajukuu hao walinzi wako: uso ukipinda upande mmoja, mkono ukiishiwa nguvu, maneno yakivurugika. Moja tu ikitokea, waangalie saa na wakupeleke hospitali kubwa yenye mashine ya kupiga picha ya ubongo, hata kama dalili imeondoka ndani ya dakika kumi. Ukiwapa kazi hii yenye maana, nadhani wataacha ile ya kukufuata stendi.

Nirudi mlimani, kwa kuwa najua umesoma yote hayo ukilisubiri neno hili.

Kuhusu barafu, uliyoambiwa ni kweli. Inapungua, na hakuna anayeweza kukuahidi itakuwa imebaki kiasi gani ukisubiri. Sitajaribu kukupunguzia uchungu huo, kwa maana mtu aliyengoja miongo mitatu ana haki ya kuhuzunika. Huzunika kabisa. Zungumza na wale mliowalipa kuhusu fedha mapema, kabla masharti yao hayajabana, na kama wanakubali kuhamisha malipo kwa mtu mwingine au tarehe nyingine, pokea hilo.

Hata hivyo, Rwenzori haianzii kwenye theluji. Lango la Nyakalengija liko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, si mbali sana na urefu wa miji ambayo umelala maisha yako yote. Eldoret uliyoitaja iko juu zaidi ya hapo. Vijiji vya Wakonzo vya chini ya mlima, mashamba ya kahawa, mito inayoshuka na maji baridi ya kule juu, yote hayo unaweza kuyafikia kwa gari na kwa matembezi mafupi ya asubuhi, daktari akiridhika na daftari lako. Hata kambi ya kwanza ya Nyabitaba, iliyo kwenye mita 2,650 hivi, sikushauri kwa sasa, kwa sababu kupanda mita elfu moja kwa siku ni kazi nzito. Lakini hilo unaweza kulirudia kwa daktari mwakani. Ukishuka kuelekea kusini, kwenye daraja la Katunguru, ambalo bila shaka umelivuka mara nyingi ukiwaza foleni ya mpakani, kuna mashua zinazowapeleka watu polepole kwenye mfereji wa Kazinga, katikati ya viboko na ndege, mahali pa chini pasipo na shida yoyote ya hewa. Umepita juu ya maji yale miaka yote hiyo. Je, uliwahi kusimama?

Lipo swali jingine lililonijia nilipoisoma barua yako kwa mara ya tatu. Umetaja mwanao, binti yako, wajukuu, mwenzako marehemu, mzee wa Katwe. Mkeo umemtaja mara moja tu, akiuficha mkoba wako. Katika miaka 31 ya kuisimulia milima ile, yeye amewahi kuiona? Kama hajawahi, basi safari ya Januari ninayoweza kukupendekezea kwa moyo wote ni hii: presha ikiwa imetulia kwa wiki kadhaa mfululizo, na daktari akikubali, nendeni wawili. Usiendeshe wewe. Kateni njia vipande viwili, mlale Kampala kwa mwanenu, na kila baada ya saa mbili mshuke mtembee kidogo ili damu isilale miguuni. Dawa zikae kwenye mfuko wa kifuani, si kwenye mzigo wa juu ya gari. Januari ni kiangazi, na alfajiri za kiangazi ndizo zenye matumaini zaidi ya kukuta mawingu yamefunguka. Kijana akitaka kupanda kwa niaba yako, mwache apande, nawe umsubiri langoni pamoja na mama yake.

Lakini hayo ni ya Januari. Leo jioni kuna chakula cha usiku, na baada ya chakula kuna dawa tatu mezani. Mwombe mkeo akae karibu yako, uzimeze mbele yake, kisha uanze kumsimulia kuanzia pale basi liliposimama.

Dada yako,
Mshauri